Mtoto mwenye aleji ya chakula anakwenda kambi ya likizo: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Juni ikikaribia, simu zinaanza. "Mama, kambi ni wiki mbili, na mwanangu hali karanga. Nifanyeje?" Desemba hivyo hivyo. Kambi zenyewe ni za kila aina: za skauti, za kanisa, za madrasa, za masomo ya darasa la saba, za michezo kama UMITASHUMTA ya shule za msingi, ambako watoto wanalala madarasani na kula kutoka sufuria moja. Hapa nimeyaweka majibu ninayoyatoa kwenye simu. Mimi si daktari. Ni mama wa kijana mwenye aleji ya karanga, na likizo nyingi nimezimalizia jikoni kwenye kambi za watoto, Dodoma mjini na wilayani. Yanayohusu dawa yathibitishe kwa daktari wa mtoto wako. Yanayohusu jiko, niamini.

Kwani ni lazima aende? Si abaki tu nyumbani?

Si lazima. Kama amepata shambulio kali hivi karibuni na bado hamjaonana na daktari, au pumu yake haijatulia, likizo hii abaki. Lakini ukimbakiza kila mwaka, ipo siku atachaguliwa kwenda bweni kidato cha kwanza, na huko hutapata nafasi ya kukaa na mpishi anayepikia watu mia sita. Afadhali ajifunzie kwenye kambi ya siku tano iliyo karibu, ambapo unaweza kufika kwa nusu saa.

Wa kwangu nilimruhusu akiwa na miaka tisa. Si kwamba tisa ina maana yoyote. Kabla ya hapo hakuweza kumkatalia mtu mzima. Watoto wetu tumewafundisha kwamba kukataa chakula cha mkubwa ni utovu wa adabu, halafu tunashangaa mtoto anapokula kitu anachojua kitamdhuru. Mfundishe maneno ya kukataa yenye heshima ndani yake: "Shikamoo bibi, asante, mimi karanga ni mwiko kwangu." Kisha mjaribu. Mwombe jirani amkaribishe kashata wewe ukiwa pembeni. Akikataa bila kukugeukia wewe kwanza, ameiva.

Nitajuaje kama ni aleji kweli au ni kuchagua chakula?

Aleji ya chakula huja haraka, dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, na hurudi kila anapokula kitu kilekile: mabaka yanayowasha, midomo au kope kuvimba, kutapika, kukohoa, kifua kubana. Mtoto anayenyong'onyea tu akiona mlenda hana aleji, ana mdomo.

Wengi huchanganya maziwa. Tumbo kujaa gesi na kuharisha baada ya kunywa maziwa mara nyingi ni mwili kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa. Inasumbua lakini haiui. Aleji ya maziwa ni kinga ya mwili kushambulia protini ya maziwa, na hiyo inaweza kuua. Hata mtindi na siagi havifai kwa mtoto wa namna hii. Mpeleke kwa daktari, mweleze alikula nini, saa ngapi, na nini kilifuata. Maelezo hayo ndiyo kipimo cha kwanza. Kipimo cha ngozi au cha damu husaidia, ila kikisoma "ndiyo" peke yake bila mtoto kuwahi kudhurika hakitoshi kumnyima chakula. Na usimjaribishe nyumbani kwa kumlisha kidogo uone.

Kambini niongee na nani?

Na anayeshika mwiko.

Nilijifunza kwa njia mbaya. Kambi ya kwanza nilijaza fomu vizuri kabisa: "Ana aleji ya karanga." Fomu ikaingia kwenye faili, faili likaingia kabatini. Siku ya pili mchana ikapikwa mchicha. Kijana wangu akauliza, kama nilivyomfundisha, "Mboga ina karanga?" Dada aliyekuwa anagawa akachungulia sufuria, akamjibu, "Haina karanga, mdogo wangu, huo ni unga wake tu." Wala hakuwa anamdanganya. Kwake karanga ni zile unazozitafuna. Zikishatwangwa ni kiungo. Alimeza matonge mawili, mdomo ukaanza kumwasha, na nilipopigiwa simu alikuwa tayari amechomwa sindano zahanati. Alipona. Mimi ndiye sikulala wiki nzima.

Likizo iliyofuata sikwenda ofisini, nilikwenda jikoni. Mpishi mkuu alikuwa mama wa makamo, Mgogo, anasonga ugali kwenye sufuria ambayo ningeweza kuoga ndani yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, moshi huo."

Nikamweleza aleji. Akatikisa kichwa kwa huruma, mkono hausimami. "Aleji si ile ya kujikuna? Tutampa maji mengi."

"Mama, karanga kwake ni mwiko. Akionja tu, anaweza kufa."

Akaacha kusonga. "Mwiko? Si ungesema tangu mwanzo." Akaniuliza kama ni mwiko wa ukoo mzima au wa mtoto peke yake, nikamwambia wa mtoto peke yake, akaona sawa. Kabla sijaondoka alikuwa ameshatenga kisufuria na upawa, akafunga kitambaa chekundu kwenye vishikio, na akawatangazia wenzake kwa Kigogo maneno ambayo sikuyaelewa yote, ila walinyamaza.

Tangu siku hiyo neno "aleji" naliacha kwa daktari. Kwa wengi aleji ni muwasho, na muwasho una "kidogo haidhuru". Mwiko hauna kidogo. Huuonji wala huupunguzi. Na aleji ya chakula ndivyo ilivyo hasa: chembe inatosha.

Hatari ziko wapi katika jiko la kambi?

Anza na ukweli kwamba uko katika nchi ya karanga. Kongwa, hapo mashariki yetu, ndiko Waingereza walikoanza mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947. Ukame na udongo unaokuwa mgumu kama saruji ukauangusha, wakaufuta mwaka 1951. Karanga zenyewe hazikuondoka nao. Zimo kwenye mlenda, kwenye mchicha, kwenye kisamvu, kwenye uji.

Uji ndio unaonitisha zaidi. Unga wa lishe wa nyumba nyingi ni mahindi au ulezi, soya, karanga, na wengine huongeza dagaa. Mtoto mwenye aleji anakutana na vitu vitatu kwenye kikombe kimoja saa moja asubuhi, akiwa na njaa, vikiwa vimesagwa havionekani wala havitafuniki. Kambini usiulize "uji una karanga?" Uliza, "Unga umechanganywa na nini, na nani alichanganya?" Kama umenunuliwa sokoni kwenye mfuko usio na maandishi, mtoto wako asiunywe. Apikiwe uji wa sembe mtupu.

Halafu kuna mashine ya kusaga, ambayo wazazi karibu wote wanaisahau. Umepeleka mtama wako safi. Aliyetangulia kwenye foleni alikuwa anasaga unga wa lishe. Debe la kwanza linalotoka la kwako lina unga wake. Sisi siku hizi tunapeleka mahindi ya kambi asubuhi na mapema, mashine ikiwa haijaanza, na unga wa mwanzo tunautenga kwa ajili ya kuku. Mwenye mashine alituona wehu. Tulipomweleza, akawa anatukumbusha yeye mwenyewe.

Kinu nacho. Kinu cha mbao kilichotwangiwa karanga miaka kumi kimelewa mafuta yake. Huwezi kukiosha kikatoka. Kisitwangiwe kitu chochote cha mtoto huyu, hata kitunguu saumu.

Mafuta ya kukaangia: karai likishakaangiwa samaki, au chapati zenye mayai, yale mafuta yamebeba protini, na moto hauiharibu vya kutosha. Viazi vya mtoto mwenye aleji ya samaki vikikaangwa humo ni kama amekula samaki. Mafuta ya alizeti yenyewe hayana shida kwa aliye na aleji ya karanga, ila yakiwa ya kukamuliwa mtaani, uliza kama mashine hiyohiyo inakamua karanga au ufuta. Yanayosafishwa kiwandani hubakiwa na protini kidogo sana. Yale ya dumu yenye harufu nzito bado yanazo.

Na sinia. Kula sinia moja ni jambo zuri, na mimi sipendi kulivunja. Lakini mikono sita inayotoka kwenye mboga ya karanga na kuingia kwenye ugali uleule inafuta kazi yote ya mpishi. Mtoto huyu awe na sahani yake, apakuliwe wa kwanza, kabla upawa haujazunguka kwenye sufuria nyingine. Akae na wenzake palepale. Asitengwe kona kama mgonjwa.

Jambo la mwisho hapa ni la lugha. Watoto wakitoka mikoa tofauti, "njugu" kwa mmoja ni karanga, kwa mwingine ni njugu mawe. Nenda na punje mkononi, umwonyeshe mpishi.

Aleji ya mwanangu si karanga. Ni maziwa, au mayai, au samaki.

Jiko ni lilelile, mitego inabadilika. Maziwa: chai ya maziwa inayopikwa sufuria moja na kila mtu, maandazi yaliyokandwa na maziwa, biskuti. Mayai: chapati za maji, keki, chipsi mayai za siku ya mwisho. Samaki: dagaa ndani ya uji, na mchuzi wa kuku au ng'ombe hauna neno, lakini upawa ulioingia kwenye dagaa una neno. Ngano: hapa Dodoma una bahati, ugali wa mtama, uwele na mahindi upo tele, mradi usisagwe baada ya ngano. Aleji ya korosho si sawa na ya karanga, maana karanga ni jamii ya maharage na korosho inaota mtini, ila wapo watoto wenye zote mbili. Daktari akutajie kwa majina kipi aache na kipi ale, usimnyime maharage bure.

Nimpikie chakula kutoka nyumbani?

Cha siku ya kwanza, ndiyo. Cha wiki nzima kitachacha. Hili ni joto la Dodoma. Ninachofanya ni kumfungia vitu vikavu: unga wake wa uji kilo mbili, maharage, mafuta lita moja, chumvi, kikombe, sahani, kijiko, vyote vina jina. Kambi ambayo haina uhakika na unga wake inashukuru. Weka na kipande cha sabuni. Kitakasa mikono hakiondoi karanga kwenye vidole. Maji na sabuni vinaondoa.

Sindano ya adrenalini ni nini, na nitaipata wapi?

Ndiyo dawa ya shambulio kali la aleji, ambalo madaktari huliita anafilaksia. Inafungua njia ya hewa, inapandisha shinikizo la damu na kupunguza uvimbe. Nje ya nchi wazazi wengi hutembea na kalamu ya sindano iliyojazwa tayari: ya miligramu 0.15 kwa watoto wadogo na ya 0.3 kwa wakubwa kidogo. Kwetu kalamu hizo ni adimu. Wengi wanaozitumia wameletewa na ndugu. Kilicho cha kawaida ni ampuli, kichupa kidogo cha kioo, ya miligramu 1 ndani ya mililita 1, ambayo hospitali zinaitumia kila siku.

Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto. Wa kilo 20 ni mililita 0.2 ya ampuli hiyo. Usikitumie hiki kwa kuwa umekisoma hapa. Mwombe daktari akiandike kwenye karatasi kwa mililita, kwa jina na uzito wa mtoto wako wa sasa, na akuonyeshe wewe na nesi wa kambi jinsi ya kuvuta dawa na kuchoma. Inachomwa kwenye msuli, upande wa nje wa paja, katikati. Si kwenye mshipa, si kwenye tako.

Kuitunza: mahali pakavu penye kivuli, nyuzi 20 hadi 25, isikae muda mrefu juu ya 30. Isiingie kwenye friji. Isiachwe kwenye kibweta cha gari juani, maana gari lililoegeshwa Dodoma mwezi Oktoba ni tanuri. Dawa iwe angavu kama maji. Ikigeuka rangi ya chai au ikiwa na chembe, tupa. Soma tarehe ya mwisho kabla hujafunga begi.

Na isifungiwe ofisini. Nimeshafika kambi moja, dawa ipo, kabati lipo, funguo anazo mwalimu aliyekwenda mjini kununua mchele. Dawa inatembea na mtoto, kwenye mkoba wa mtu mzima aliye naye wakati huo.

Si nimpe tu piritoni au setirizini?

Kwa mabaka machache yanayowasha, zinasaidia. Kwa shambulio kali hazifanyi kazi inayotakiwa: hazifungui koo, hazipandishi shinikizo la damu, na zinachukua nusu saa au zaidi kuanza. Mtoto hana nusu saa. Adrenalini kwanza, hivyo vingine baadaye.

Na maziwa, mkaa wa kusaga, limao?

Hapana. Unampa mtu anayevimba koo kitu cha kumkaba.

Walimu wa kambi watambue nini, na wafanye nini?

Watoto hawasemi "nimepata aleji". Wanasema ulimi unachoma kama wamekula nanasi, koo lina kitu, tumbo linasokota, "sijisikii". Mdogo hujikwaruza ulimi au hunyamaza ghafla. Mwalimu akisikia hayo baada ya chakula, asimwambie akalale. Asikae peke yake.

Ukiona sauti imekwaruza, anakohoa bila kuacha, kifua kinatoa mluzi, anapumua kwa shida, ulimi umevimba, amelegea, amepauka au anataka kuzimia, ni shambulio kali, hata kama hana kipele hata kimoja. Pia mabaka mwilini pamoja na kutapika kunakorudia baada ya kula kile kitu. Choma sindano hapohapo. Mlaze, miguu juu ya begi. Kama kupumua ni shida, akae akiwa ameegemea. Kama anatapika au hajitambui, alale ubavu. Asisimame wala asitembezwe hadi kwenye gari, abebwe. Kusimama ghafla kumewaua watu waliokuwa wameanza kupata nafuu. Andika saa. Baada ya dakika tano hakuna mabadiliko, au amezidi, sindano ya pili ichomwe kama ipo.

Kisha hospitali, hata akianza kucheka. Shambulio linaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kula kitu kipya, kwa hiyo atazamwe huko. Bodaboda si usafiri wa mtoto huyu, kwa sababu atakaa wima. Tafuta gari alale.

Kuna mwalimu aliwahi kuniuliza, "Nikimchoma kumbe haikuwa aleji?" Moyo utamwenda mbio, mikono itatetemeka, baada ya muda itaisha. Ukikosea kwa kutochoma, huna cha kurekebisha.

Karatasi ya maelezo iandikweje?

Ukurasa mmoja, Kiswahili, herufi kubwa, picha yake juu. Ya kwangu inasema hivi:

"Karanga ni mwiko kwake kabisa, ziwe nzima, zimetwangwa, unga, au mafuta ya mtaani. Asinywe uji wa lishe. Anakula: ugali wa sembe, dona na mtama, wali, maharage, nyama, mayai, maziwa, matunda. Akivimba mdomo, akikohoa au akilegea: CHOMA SINDANO iliyo kwenye kimkoba chekundu, mlaze, tafuta gari, kisha nipigie. Usinipigie kwanza."

Hiyo sentensi ya mwisho niliiongeza baadaye. Nakala tatu: moja ukutani jikoni, moja kwa nesi, moja kwenye begi lake. Andika anachokula pia. Mpishi aliyepewa orodha ya makatazo tu atampa mtoto wali mkavu wiki nzima, kwa kuogopa.

Kambi iko kijijini, mbali na hospitali.

Mjini tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na ya Benjamin Mkapa, hofu ni ndogo. Huko Chamwino ndani au njia ya Mpwapwa hali ni nyingine. Fika zahanati iliyo karibu na kambi wiki moja kabla, uulize mambo mawili: "Adrenalini ipo leo?" na "Usiku anakuwepo nani?" Usiulize kama huwa ipo. Sheria yangu mwenyewe, ambayo hakuna aliyenipa: kama kufika mahali penye adrenalini ni zaidi ya nusu saa, na kambini hakuna mtu mwenye dawa anayejua kuchoma, haendi.

Safari na matembezi je?

Kwenye basi ndiko watu wanalegeza. Stendi ya Nane Nane hujaondoka, dirishani zimeshafika karanga za kifuko cha karatasi, korosho, mayai ya kuchemsha. Wenzake wananunua, wanagawana kwa mikono. Kiti chake kifutwe, ale cha kwake tu, dawa iwe kwa mwalimu aliye kwenye basi lake na siyo kwenye begi lililo kwenye buti. Ziara kama ya michoro ya miambani Kolo, Kondoa, ni saa nyingi barabarani. Siku hiyo chakula chake kifungwe asubuhi kabla ya vya wengine.

Harufu ya karanga zinazokaangwa itamdhuru?

Harufu yenyewe kwa kawaida hapana. Shambulio kali hutokana na kumeza. Vumbi la kupepeta karanga na mvuke wa kuchemsha samaki ni habari nyingine, unabeba chembe, hivyo asikae jikoni wakati huo. Kugusa huleta mabaka mahali palipoguswa, na hatari inaanza anapopeleka kidole mdomoni.

Ana pumu pia.

Basi kuwa mkali mara mbili. Aleji ya chakula kwa mtoto ambaye pumu yake haijatulia inakuwa mbaya zaidi. Juni hadi Septemba hapa kwetu ni upepo na vumbi, usiku baridi. Pampu yake iende, na aanze kambi kifua kikiwa kitulivu. Pampu haichukui nafasi ya sindano.

Wenzake wakimtania?

Watamtania. Kuna waliowahi kumtupia mwanangu maganda kitandani ili "waone atavimbaje". Hawakuwa watoto wabaya, hawakuwa wameambiwa. Siku ya kwanza, jioni, mwalimu awaambie wote kwa dakika tano: kitu gani, kinafanya nini, na ukimwona hivi kimbia umwite mtu mzima. Chagua mwenzake mmoja wa kulala kitanda cha jirani, umpe kazi hiyo rasmi. Watoto wa umri huo hupenda kuwa na wadhifa.

Bibi yake anasema hii ni magonjwa ya wazungu, ampe kidogo kidogo atazoea.

Bibi anakumbuka vizuri, tatizo ni jina. Kijijini kwetu mtoto akivimba uso baada ya kula, aliitwa amerogwa, na aliyempa chakula ndiye aliyelaumiwa. Kuzoesha kwa vipimo vidogo kupo, ila hufanywa na mabingwa, kwa miligramu, dawa ikiwa mezani. Si kwa kijiko cha bibi. Wapo wanaoacha wenyewe wakikua, hasa aleji ya maziwa na mayai. Ya karanga huacha takriban mmoja kati ya watano. Hospitali ndiyo itathibitisha. Mwambie bibi mwiko haujaribiwi. Atanyamaza.

Wasimamizi wanasema "tutajitahidi". Inatosha?

Neno hilo lenyewe halitoshi. Uliza: nani atampakulia, kwa upawa upi, na dawa itakuwa kwa nani saa nane usiku. Wakiwa na majina ya kutaja, mpeleke. Wakicheka na kusema "usijali mama, wote ni watoto wetu", rudi naye nyumbani, hata kama ada umelipa. Nimewahi kupoteza ada namna hiyo.

Akirudi nimuulize nini?

Usimuulize kama alikuwa salama, atasema ndiyo. Muulize alikula nini siku ya tatu, na nani alimpakulia. Fungua kimkoba uhesabu sindano. Halafu mpigie mpishi, umshukuru kwa jina lake. Yule mama wangu wa kitambaa chekundu nilimpelekea kanga. Juni iliyofuata alinipigia yeye kwanza, kuuliza yule kijana wa mwiko atakuja lini, ili asage mapema.